Ukingoja Novemba, umeshachaguliwa

Magrupu yetu ya WhatsApp hapa Kentucky, Marekani, yamejaa wataalamu wa Washington. Nani kagombana na nani Ikulu, nani kasema nini kwenye Seneti, habari inafika kabla ya chai. Sasa muulize mtaalamu huyo huyo jina la Jaji Mtendaji wa kaunti anayoishi. Atakuna kichwa, halafu atakwambia uchaguzi bado, tukutane Novemba. Hiyo "tukutane Novemba" ndiyo inayonitoa povu.

Mwaka 2026 kaunti zote 120 zinachagua Jaji Mtendaji, sherifu, karani wa kaunti, mwanasheria wa kaunti, mkuu wa jela na wengineo, kwa mkupuo, kwa miaka minne. Jaji Mtendaji hahukumu mtu. Kesi ziliondoka mikononi mwake baada ya marekebisho ya katiba ya 1975. Anachoongoza ni baraza la kaunti, na bajeti ya kaunti inaanzia mezani kwake: lazima aifikishe barazani ifikapo Mei 1, mwaka wa fedha uanze Julai 1. Barabara za kaunti, madaraja madogo, gari la wagonjwa, na jela, ambayo kwenye kaunti nyingi ndiyo inayotafuna fedha kuliko unavyodhani.

Kama bado unaona hayakuhusu, chukua karatasi ya mshahara wako utazame mstari wa kodi ya eneo la kazi. Anayefanya kazi Louisville na kuishi humo humo anakatwa asilimia 2.2, anayevuka mto kutoka jimbo jirani la Indiana kuja kazini anakatwa 1.45. Rais hahusiki hapo hata kidogo. Kodi za namna hiyo ni za serikali za mitaa na shule zake, na watu wanaozipangia matumizi ndio hao ambao hatuwajui hata kwa sura.

Sasa kuhusu Novemba. Katika kaunti nyingi za Kentucky chama kimoja ndicho chenye nguvu, na chama cha pili mara nyingi hakisimamishi mtu kabisa. Ukifika kituoni Novemba unakuta jina moja. Mashindano yenyewe yalimalizika Mei, kwenye kura za mchujo, ambapo kila chama huchagua mgombea wake, na ambazo kwa 2026 ni Mei 19. Hakuna duru ya pili: anayeongoza, hata kwa asilimia 28, amepita. Tuseme wagombea ni watano na wapiga kura ni 4,000; mtu anaweza kushinda kwa kura 1,100. Makanisa mawili na msikiti mmoja yakijipanga yanazifikisha kura hizo. Na aliyeshindwa Mei hawezi kurudi Novemba kwa mlango wa nyuma akiwania kiti hicho hicho kama mgombea huru; sheria inamkataza.

Shida ni kwamba mchujo wa Kentucky umefungwa. Aliyeandikishwa Republican anapiga kura ya Republican, Democrat ya Democrat, na aliyejiandikisha "independent", yaani hana chama, anatazama. Na wenzetu wengi ndivyo walivyojiandikisha! Sababu naielewa. Ukitoka nchi ambako kadi ya chama inaweza kukupa kazi leo na kukuletea askari mlangoni kesho, kuandika kwamba huna chama ni kujilinda. Lakini hapa hujajilinda na chochote. Hakuna ada, hakuna mkutano wa lazima, na Novemba unampigia umtakaye, chama chochote. Ni tiki ya kukuruhusu kuingia Mei, basi.

Tarehe ya kubadili chama ni Desemba 31. Mwaka ukigeuka, ukibadilisha Januari 2, mabadiliko yanakubaliwa ila kwa mchujo wa Mei hayakusaidii. Ingia GoVoteKY.com, tafuta taarifa zako, tazama imeandikwa chama gani, na kama si unachotaka ibadilishe hapo hapo au nenda kwa karani wa kaunti. Usiseme "mimi najua nilijiandikisha nini." Tazama.

Kuna nafuu moja kwa raia wapya. Anayejiandikisha kwa mara ya kwanza kabisa baada ya Desemba 31 anaruhusiwa kupiga kura ya mchujo kwa chama alichochagua, mradi awahi kabla daftari halijafungwa, yaani mwisho Aprili 20. Kwa hiyo binti aliyekula kiapo cha uraia Februari atapiga kura ya sherifu Mei, na mjomba wake aliyejiandikisha "independent" miaka sita iliyopita atampeleka kwa gari na kumsubiri nje.

Louisville na Lexington, nakubali, mambo ni tofauti kidogo. Huko miji na kaunti ziliunganishwa, Lexington 1974 na Louisville 2003, kwa hiyo cheo cha Jaji Mtendaji kimebaki kwenye karatasi ya kura lakini nguvu ziko kwa meya. Umeya wa Lexington hauna chama, na kuanzia 2026 wa Louisville pia hauna, kwa sheria ya mwaka 2024. Hapo hata asiye na chama anapiga kura ya meya Mei. Ya sherifu bado hapigi.

Na hapo hapo pana mtego wa Novemba. Kentucky bado ina kile kiduara cha juu kinachokuruhusu kuchagua chama kizima kwa alama moja. Watu wanakijaza, wanaingiza karatasi kwenye mashine, wanaondoka na kistika. Kiduara hicho hakigusi viti visivyo na chama: meya wa Louisville, meya wa Lexington, bodi ya shule, majaji wa kweli. Hivyo vyote umeviacha vitupu. Geuza karatasi, soma mpaka chini.

Kuandika jina la mchungaji wako kwenye nafasi tupu ni kura iliyopotea, kwani linahesabiwa tu jina la aliyejaza fomu rasmi kabla.

Vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, saa ambazo kwa mtu wa shifti ya ghala ni tusi. Lakini Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi kabla ya uchaguzi unaweza kupiga mapema bila kutoa sababu. Na kisheria mwajiri anapaswa kukupa angalau saa nne za ruhusa, ukiomba kabla ya siku yenyewe. Saa atapanga yeye. Ukizichukua ukaenda kulala badala ya kupiga kura, ana haki ya kukuadhibu, na kusema kweli sitakutetea.

Asiyesoma Kiingereza asibaki nyumbani. Unaruhusiwa kuingia na msaidizi unayemchagua mwenyewe. Mwambieni msimamizi wa kituo, atawapa fomu ya kujaza na kiapo. Anaweza kuwa mwanao, jirani, au mama wa kwaya. Asiyeruhusiwa ni mwajiri wako au anayemwakilisha, au kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi. Bosi wa ghala, hata kama Kiswahili chake ni cha Bukavu safi, abaki kwenye gari.