Pandikizi aliyelala salama na asiye na hatia aliyesakwa

Kuanzia mwaka 1985 CIA ilianza kupoteza watu wake ndani ya Umoja wa Kisovieti, mmoja baada ya mwingine. Hawa walikuwa maofisa wa Kisovieti waliokuwa wakiipa Marekani siri za nchi yao. Wengine waliitwa nyumbani ghafla, wengine wakatoweka bila taarifa. Angalau 10 waliuawa. Makao makuu ya CIA yaliona wazi kwamba kuna mahali panavuja, lakini mvujishaji, Aldrich Ames, hakutiwa mbaroni hadi tarehe 21 Februari 1994. Alikuwa ofisa wa CIA hiyohiyo, na alipoanza kuuza siri alikuwa kiongozi katika kitengo cha kuwadhibiti majasusi wa Kisovieti.

Kesi hii husomwa sana na wanaotaka vyombo vya usalama vipewe meno zaidi. Ni hoja nzito na nitaitendea haki. Lakini isisomwe peke yake. Karibu nayo ipo ya Robert Hanssen, ofisa wa FBI aliyeiuzia Moscow siri, na ndani ya hiyo ya Hanssen umo mkasa wa mtu mwingine aliyesakwa badala yake. Udhibiti wa ujasusi una makosa mawili, kumkosa msaliti na kumbandika usaliti asiyehusika, na hatua inayopunguza kosa moja mara nyingi huongeza lingine.

Kwanza kazi yenyewe. Upelelezi wa nje hutafuta siri za wengine. Udhibiti wa ujasusi hulinda zako: kujua nani ametumwa kwako, kumfunga njia, pengine kumlisha habari za uongo ili awapotoshe waliomtuma, na kumtafuta pandikizi aliyenunuliwa ndani. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Mgeni akivunja mlango huacha alama. Mfanyakazi ana funguo, ana ruhusa, na jina lake kwenye daftari la waliosoma jalada ni jambo la kawaida.

Kwa hiyo msako hauanzi na mtu. Unaanza na hasara: kipi kimevuja, lini, na adui amekitumiaje. Kisha inaandikwa orodha ya wote waliokijua. Kwa Ames orodha hiyo ilikuwa na majina 198, ikapunguzwa hadi 29 wa kuangaliwa kwanza. Wachunguzi walichelewa kwa sababu kulikuwa na maelezo mengine yaliyoshika. Huenda mawasiliano yananaswa. Huenda walinzi wa ubalozi wa Moscow wamewaingiza majasusi usiku. Tena alikuwapo Edward Lee Howard, ofisa aliyefukuzwa CIA mwaka 1983 na kutoroka mwaka 1985, ambaye kweli alikuwa amesaliti. Kila maelezo yalifunika sehemu ya hasara, na hapo ndipo penye mtego: maelezo yanayofunika nusu huwafanya watu waache kuuliza kuhusu nusu iliyobaki. KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti, nayo iliongeza vumbi kwa makusudi.

Kilichomnasa Ames hatimaye ni kalenda na taarifa ya benki. Ames alikuwa na kibali cha kukutana na mwanadiplomasia wa Kisovieti, Sergey Chuvakhin, kwa kisingizio cha kumshawishi ajiunge na Wamarekani. Mwaka 1992 Sandy Grimes, mmoja wa wachunguzi wa CIA, aliweka tarehe za milo yao ya mchana kando ya tarehe za fedha zilizoingia benki. Mlo wa tarehe 17 Mei 1985, siku iliyofuata dola 9,000. Mlo wa tarehe 2 Julai, siku tatu baadaye dola 5,000. Mlo wa tarehe 31 Julai, siku hiyohiyo dola 8,500. Mtu ambaye mshahara wake haukufika dola 70,000 kwa mwaka alikuwa amenunua nyumba ya dola 540,000 kwa fedha taslimu mwaka 1989 na akawa anaendesha Jaguar. Alisema mali ni ya wakwe zake wa Colombia, na maelezo hayo yakakubaliwa bila kuchimbwa ipasavyo.

Hapa wenye kudai mamlaka zaidi wana haki. CIA na FBI zilikuwa zikifichana habari, na kufikia kumbukumbu za fedha kulichukua miaka. Baada ya kesi hiyo, sheria ya mwaka 1994 iliamuru kila wizara na idara ya Marekani kuiarifu FBI mara moja ikionekana dalili kwamba siri imefika kwa dola ya kigeni. Nadhani hilo lilikuwa sahihi kabisa. Ila tusitie chumvi: vyanzo vikubwa Ames alivitaja kwa mkupuo mmoja tarehe 13 Juni 1985. Hakuna uchunguzi wa benki, hata ungefanywa wiki iliyofuata, ambao ungewarudisha watu hao nyuma ya pazia. Ungefunga bomba la miaka iliyofuata, na hilo si dogo.

Wapo wasioacha alama ya fedha. Ana Montes, mchambuzi wa upelelezi wa jeshi la Marekani, aliitumikia Cuba kwa takriban miaka 17 kwa imani ya kisiasa. Hakutoka na karatasi ofisini. Alikariri nyaraka, akaziandika nyumbani, na maagizo akayapokea kwa redio ya masafa mafupi kwa mfumo wa tarakimu. Akaunti yake ya benki ingeonyesha mshahara tu. Hata hivyo FBI ilikuwa na vipande vya habari kuhusu jasusi wa Cuba asiyejulikana, kimojawapo kwamba alisafiri kwenda kambi ya Guantánamo mwaka 1996. Mchunguzi wa idara yake alipolinganisha na orodha ya safari, jina likajitokeza. Alikamatwa tarehe 21 Septemba 2001. Njia ni ileile: orodha juu ya orodha.

Kinyume chake, chombo ambacho umma unakiamini mno, mashine ya kupima uongo, kilimpitisha Ames mara mbili, mwaka 1986 na 1991. Alipowaomba KGB ushauri walimwambia alale vizuri, atulie, na awe mchangamfu kwa mpimaji. Montes naye alifaulu mwaka 1994. Tatizo halihusu ustadi wa wapimaji, ni la hesabu. Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilichapisha mfano mwaka 2003: chukua watumishi 10,000, 10 kati yao wakiwa majasusi. Ukiikaza mashine iwakamate 8 kati ya hao 10, itawaangusha pia karibu watu 1,600 wasio na hatia. Ukiilegeza ili wanaosingiziwa wabaki kama 40, itawakamata majasusi 2 tu, na 8 wataondoka na cheti cha uaminifu. Mwenye idara afanye nini na wale 1,600? Akiwasimamisha, kazi inasimama. Akiwapuuza, kipimo hakina maana.

Sasa upande wa pili. Hata baada ya Ames kufungwa, hasara ziliendelea. Wachunguzi wakamfikia ofisa wa CIA, Brian Kelley. Alilingana na sura waliyoichora: alishughulikia kesi zilizoharibika, na alikuwa akikimbia mazoezi karibu na mahali ambapo jasusi anayetafutwa aliwaachia Warusi mizigo yake ya siri. Walimpima kwa mashine, akafaulu. Wakasema basi ni mtu wa barafu. Mwaka 1998 walimtuma mtu mlangoni kwake ajifanye mjumbe wa Warusi aliyekuja kumtorosha. Asubuhi Kelley aliripoti tukio hilo kazini, kama inavyompasa ofisa mwaminifu. Wakasema huo ndio ujanja wenyewe. Alisimamishwa kazi kwa zaidi ya mwaka, na ndugu zake wakahojiwa.

Wasomaji wapime jambo hili kwa uzito. Pindi ushahidi wa uaminifu unapogeuzwa kuwa ushahidi wa usaliti, hakuna kitu mtuhumiwa anaweza kufanya au kusema kikamwokoa. Na hasara haikuwa ya Kelley peke yake. Macho yote yakiwa kwake, Hanssen aliendelea kukaa FBI, akiingia kwenye mfumo wa kompyuta wa idara kutafuta jina lake, anwani yake na maficho yake, kuona kama kuna anayemkaribia. Katika miaka 25 ya kazi hakupimwa kwa mashine hata mara moja. Shemeji yake, ofisa wa FBI pia, alitoa taarifa mwaka 1990 kuhusu fedha nyingi alizokuwa nazo, haikufuatiliwa. Mwaka 2000 FBI ililipa dola milioni 7 kwa Mrusi mmoja aliyeleta jalada la jasusi huyo kutoka Moscow. Ndani mlikuwa na kanda ya sauti. Walikaa kuisikiliza wakimtarajia Kelley, wakasikia sauti ya mtu mwingine. Hanssen alikamatwa tarehe 18 Februari 2001.

CIA ilikuwa na fundisho la kutosha kabla ya hapo. James Angleton aliongoza kitengo chake cha udhibiti wa ujasusi kuanzia 1954 hadi 1974. Anatoliy Golitsyn, aliyeikimbia KGB mwaka 1961, alimwaminisha kwamba kuna pandikizi ndani, jina lake linaanzia na K, na kwamba watakaomfuata watakuwa wametumwa kudanganya. Yuri Nosenko alipokimbilia Marekani mwaka 1964 alifungwa bila mashtaka kwa zaidi ya miaka mitatu, kisha akasafishwa na kulipwa fidia. Ofisa Peter Karlow, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa herufi ya kwanza ya jina lake, aliondolewa mwaka 1963. Kitengo cha Usovieti kikaogopa kuandikisha vyanzo vipya, kwani kila anayejitokeza alihesabiwa ndumilakuwili.

Kwetu neno "adui wa ndani" lina kumbukumbu chungu. Nairobi, katika vyumba vya chini vya Nyayo House miaka ya 1980, Special Branch, polisi wa usalama wa Kenya, iliwatesa watu waliotuhumiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri la kuipinga serikali, na miaka mingi baadaye mahakama za Kenya ziliwapa fidia wengi wao. Huo haukuwa msako wa majasusi wa kigeni hata kidogo. Ulikuwa msako wa wakosoaji uliovishwa joho la usalama, na ndiyo maana mipaka ya maneno katika sheria ina uzito. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 242, inaitaja waziwazi kazi ya kuzuia ujasusi kuwa ya idara ya upelelezi, na sheria ya 2012 ikaweka bodi ya malalamiko. Tanzania nayo, katika sheria ya usalama wa taifa ya 1996 ilivyotungwa, iliweka kwamba kumfuatilia mtu kwa sababu tu ya maandamano halali au kupinga serikali si kazi ya idara.

Mimi naegemea kwa wanaotaka mamlaka ya kusoma kumbukumbu yawe mapana lakini kwa kibali cha jaji: benki, safari, nani alifungua jalada gani na saa ngapi. Hizo ndizo zilizowanasa Ames na Montes, na hazimvunji mtu mbavu. Pamoja nayo, kila msako uwe na mtu wa nje ya timu, mwenye cheo cha kusikilizwa, ambaye kazi yake ni kuuliza kila mwezi: ni ushahidi gani ungetufanya tumwache huyu? Kwa Kelley hakuna aliyeweza kujibu. Karlow alisubiri fidia na medali yake karibu robo karne.