Nilizaliwa Mei Mosi, Kisha Nikahamia Ufaransa

Aliyezaliwa tarehe 29 Februari walau watu humwonea huruma. Mimi nilizaliwa Mei Mosi, nikaja kuishi Marseille, na hakuna anayenionea huruma kwa sababu siku yangu inapofika hakuna aliyebaki mjini. Ufaransa ina sikukuu 11 za kitaifa kwa mwaka, lakini Mei Mosi ndiyo pekee ambayo sheria, tangu 1947, inamlazimisha mwajiri kumpumzisha mfanyakazi na kumlipa ujira wake bila kumkata senti, isipokuwa kwa kazi ambazo haziwezi kusimama, kama vile za hospitalini. Kama keki ya mtu aliyetimiza miaka imo katika kundi hilo au haimo, hilo ni suala zito: waokaji wa mkoa wa Vendée, magharibi mwa Ufaransa, walifikishwa mahakamani kwa kuwaita wafanyakazi wao kazini Mei Mosi ya 2024, na ingawa waliachiwa huru, mwokaji wa mtaani kwangu aliona heri alale.

Nyumbani Tanzania tarehe hiyo ilinikaa vizuri. Watu walivaa fulana na kofia mpya, wakaandamana kwenda uwanjani kusikiliza kama mishahara itapanda, na jioni marafiki wakanivizia nyuma ya mlango na ndoo ya maji, nikalowa, nikala pilau, mambo yakaisha. Sikujua kwamba ile ndoo ilikuwa dalili ya kupendwa.

Huku, zawadi ya siku hiyo ni ua jeupe la muguet, lenye vikengele vidogo vinavyoning'inia kwenye kikonyo kimoja, ambalo kila mtu humpa kila mtu ili kumtakia heri. Mengi ya maua hayo hulimwa karibu na Nantes, na siku hiyo moja hata asiye na duka huachwa ayauze kando ya barabara. Bibi wa ghorofa ya chini alinigongea akanipa kikonyo kimoja, nikafurahi, nikidhani amekumbuka siku yangu. Nilipochungulia ngazini nikamwona anampa na mleta vifurushi. Mama aliponipigia simu jioni nilimweleza yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamekupa zawadi gani huko Ulaya?"

"Maua, mama."

"Vizuri. Yaweke mezani, mle mkiyaangalia."

"Mama, maua haya yana sumu. Hata maji ya chombo yanamowekwa hayafai kunywewa."

Akanyamaza kidogo. "Aliyekupa ni nani, tumjue?"

Sumu hiyo ni kweli, na inashangaza kwamba taifa linalojadili ukomavu wa jibini kwa saa nzima halioni ajabu kutakiana heri kwa mmea ambao haufai kuliwa hata na paka.

Lakini kisa changu hasa ni kalenda. Mwaka 2025 Mei Mosi iliangukia Alhamisi. Tarehe 8 Mei, siku ya ushindi wa 1945 katika Vita Kuu ya Pili, ikaangukia Alhamisi. Na Kupaa kwa Bwana, ambako huwa Alhamisi daima, kukawa tarehe 29. Mfaransa akiona sikukuu imekaa Alhamisi, huiombea ruhusa Ijumaa inayofuata na kuitumia kama daraja la kuvukia hadi Jumamosi. Siku za kuombea ruhusa anazo: sheria inampa wiki 5 za likizo yenye malipo, na wengi wanaofanya kazi zaidi ya saa 35 kwa wiki hulimbikiziwa siku nyingine juu yake. Kwa hiyo nchi nzima ilivuka daraja, nikabaki ng'ambo na mshumaa wangu.

Ubaya ni kwamba desturi ya ofisini huku humtaka anayetimiza miaka ndiye awalishe wenzake. Ijumaa ya tarehe 2 nikafika mapema na boksi la croissant za moto, siagi ikiwa imekwisha kupenya kwenye karatasi na kunichafua shati, nikakuta viti vitupu kutoka mlangoni hadi kwenye mashine ya kahawa. Aliyekuwapo ni mlinzi, mzee wa Kingazija, ambaye huelewana nami kwa Kiswahili changu na lugha yake, kila mmoja akishika njia yake. Alilitazama boksi, akanitazama mimi.

"Mwanangu, wamekwenda. Watarudi Jumatatu, kisha Jumatano jioni wataondoka tena."

Tulikula tukiwa wawili, mpaka yeye akaomba msamaha kwa sababu ya sukari.

Jumapili nikajaribu ufukwe wa Prado, pamoja na marafiki wachache waliokosa nauli ya kwenda mbali. Shule za Ufaransa hugawanywa katika kanda tatu ili watu wasisafiri wote kwa wakati mmoja: watoto wa Marseille walikuwa wamekwisha kurudi darasani, lakini wa Lyon walikuwa bado likizoni, na wengi, naapa, walikuwa wamekaa mahali nilipotaka kutandika mkeka. Tukajibana. Nikawasha mshumaa juu ya keki iliyotoka kwenye friza, upepo wa mistral ukaupuliza kabla yangu, kisha ukamimina mchanga juu ya krimu kwa ustadi ambao mpishi angeuonea wivu.

Basi Waziri Mkuu François Bayrou alipopendekeza, Julai 2025, kufuta sikukuu mbili ili kuokoa bajeti, nadhani nilikuwa miongoni mwa watu wachache waliompigia makofi mbele ya televisheni. Nikasogea karibu nisikie ni zipi. Akataja Jumatatu ya Pasaka na tarehe 8 Mei. Mei Mosi hakuigusa! Hata hivyo Septemba bunge lilimwondoa, na mpango ukafa.

Tumaini langu sasa ni 2027. Mei Mosi ya mwaka huo ni Jumamosi, 8 Mei vilevile ni Jumamosi, na hapa sikukuu ikiangukia mwisho wa wiki hailipwi kwa siku nyingine. Wenzangu wa ofisini wamekwisha kuliona hilo kwenye kalenda na wamenuna tangu sasa. Nimewaalika wote, nao wamekubali, wakaniuliza nitapika nini.