Uzito Baada ya Miaka 60: Tupunguze Mwili au Tulinde Nguvu?

Nchini Tanzania mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu wa umri huohuo kuwa mzee. Ni umri ambao mwendo wa kila siku wa kwenda kituo cha daladala, kupanda ngazi za ofisi na kuzunguka na mafaili hukatika kwa mpigo, huku sahani ya chakula ikibaki na ukubwa uleule wa zamani. Mwili huongezeka, presha hupanda, na mstaafu anapofika kliniki hukaribishwa na agizo lililozoeleka: “Mama, punguza mwili.” Agizo hilo lina sababu nzito, lakini mara nyingi hutolewa nusu, kwa kuwa halisemi ni kitu gani mwilini kinachotakiwa kupungua. Mizani husoma kilo, wala haitofautishi mafuta ya tumboni na misuli ya mapaja, na kwa mtu wa miaka 65 tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala lote.

Tuanze na wanaosisitiza kupunguza, kwa kuwa hoja zao hazina mzaha. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyo ya kuambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012, miongoni mwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 9 na shinikizo la juu la damu kwa takriban asilimia 26, na magonjwa yote mawili yana uhusiano wa karibu na mafuta yanayojikusanya kiunoni. Kuna pia magoti, ambayo ndiyo malalamiko ya kwanza ya wazee wengi kabla hata ya sukari. Watafiti wa Marekani waliowachunguza wazee wanene wenye magoti yaliyosagika walionyesha mwaka 2005 kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Anayepunguza kilo tano, basi, goti lake hupumzishwa kilo 20 kila anapokanyaga, na dawa za maumivu haziondoi mzigo huo, tena nyingi zinaweza kulisumbua tumbo au figo. Ukiongeza kukoroma kunakokatisha pumzi usiku, ambako mara nyingi hupungua mwili unapopungua, unaelewa kwa nini muuguzi haoni haja ya kujadiliana.

Upande wa pili nao una takwimu zake. Mwaka 2013 Katherine Flegal na wenzake walikusanya tafiti 97 zilizohusu watu zaidi ya milioni 2.8, wakakuta kwamba waliozidi uzito kidogo, yaani wenye BMI (kilo za mtu zikigawanywa kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe) ya 25 hadi chini ya 30, walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 6 hivi kuliko wale wanaoitwa wenye uzito wa kawaida. Matokeo hayo yalizua ubishi mkali. Wapinzani walisema, na kwa haki, kwamba kundi la wembamba huwa na wavutaji wengi wa sigara pamoja na watu ambao tayari wameanza kuliwa na ugonjwa usiojulikana, kwa hiyo wembamba wao ni dalili ya maradhi na wala si chanzo cha kifo. Naikubali hoja hiyo kwa sehemu kubwa, hasa kwa watu wa makamo. Kwa wazee, hata hivyo, kuna jambo linalobaki pale pale: anayelazwa wiki tatu kwa nimonia au kwa nyonga iliyovunjika hula akiba ya mwili wake, na asiye na akiba hutoka hospitali akiwa hawezi kusimama. Ndiyo maana siioni busara ya kumhangaisha mzee wa miaka 72 mwenye BMI ya 26 au 27, anayetembea vizuri na ambaye vipimo vyake vya damu vimetulia, kwa sababu tu chati ya ukutani imemweka kwenye rangi ya njano.

Jamii yetu ina sababu yake ya kuuogopa wembamba, na sababu hiyo haitokani na ujinga. Kizazi kilichofikisha miaka 60 leo kilikuwa kijana wakati Ukimwi ulipoanza kupukutisha watu, kikazoea kumtazama aliyekonda kwa jicho la maswali. Mama anayepunguza kilo nane kwa juhudi zake mwenyewe hupewa pole badala ya hongera, na wapo wanaorudia chapati na vitumbua ili tu majirani wanyamaze. Kitabibu, jirani huyo hana makosa yote: mzee anayepoteza asilimia 5 au zaidi ya uzito wake katika kipindi cha miezi 6 hadi 12 bila kukusudia anapaswa kuchunguzwa kifua kikuu, saratani na sukari iliyopanda bila kudhibitiwa. Tatizo huja pale hofu hiyo inapogeuzwa kinga ya kitambi ambacho kila mtu anajua kimetokana na soda na kukaa.

Kinachozitenganisha pande hizi mbili ni misuli. Mwili huanza kupoteza misuli polepole tangu umri wa makamo, na nguvu hupungua kwa kasi kuliko misuli yenyewe. Hali hii inapofikia kiwango cha ugonjwa, wataalamu huiita sakopenia. Mtu anayepunguza uzito kwa kujinyima chakula pekee hupoteza mafuta, lakini takriban robo ya kilo zinazoondoka si mafuta, na misuli imo humo. Akirudia kula kama zamani, kinachorudi kwa wingi ni mafuta. Mstaafu aliyekwisha kufunga na kuachia mara nne kwa miaka sita anaweza kuwa na kilo zilezile alizoanza nazo, huku miguu yake ikiwa imebadilishwa kuwa dhaifu zaidi, na mizani haitamwambia lolote.

Udhaifu huo unaonekana wazi kwa anayetaka kuuona. Katika misikiti mingi ya pwani viti vya plastiki vimeongezeka pembeni mwa safu, na si wote wanaovikalia wana ugonjwa wa magoti. Baadhi wameshindwa tu kuinuka kutoka kwenye sijida bila kushika kitu. Mwingine huanza kukwepa safari za kijijini kwa sababu hawezi kuchuchumaa chooni akanyanyuka, ingawa kwa familia husema amechoka na mabasi. Hivi ni vipimo vya kweli vya afya baada ya miaka 60 kuliko namba ya kilo. Hata wataalamu wa Ulaya wanaoshughulikia sakopenia wanatumia kipimo cha namna hiyo: mtu huketi kwenye kiti, hukunja mikono kifuani, kisha husimama na kuketi mara tano, na akitumia zaidi ya sekunde 15 anahesabiwa kuwa na nguvu pungufu.

Kuhusu mazoezi, serikali zetu hazikulala. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, na Zanzibar huadhimisha siku yake ya mazoezi kitaifa kila tarehe 1 Januari. Vikundi vya mbio za taratibu vimejaa Dar es Salaam, na wazee wamo. Ni jambo jema kwa moyo na kwa sukari, lakini karibu hamasa yote imeegemea kutembea na kukimbia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na zaidi ya hapo mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili, pamoja na mazoezi mchanganyiko ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba siku tatu au zaidi. Sehemu hii ya pili ndiyo inayoachwa, kwa sababu kunyanyua vyuma huonekana kazi ya vijana wa gym na mzee huona haya kuingia humo. Mwaka 1990, mjini Boston, kundi dogo la wazee wa takriban miaka 90 walifanya mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane tu, na nguvu zao zikaongezeka zaidi ya maradufu. Nyumbani kazi hiyo inaweza kuanza na kiti kigumu cha kulia chakula na dumu la lita tano lenye maji.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote ni wa Dennis Villareal na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017. Wazee 160 wenye unene uliokithiri waligawanywa makundi manne: moja liliachwa bila mpango wowote ili kulinganishwa, na matatu yalipunguza uzito kwa chakula yakitofautiana kwa mazoezi, moja ya pumzi, yaani ya kuuchangamsha moyo kama kutembea kwa kasi, jingine ya nguvu, na jingine yote mawili. Kilo zilizopungua zilikaribiana, asilimia 9 hivi kwa kila kundi la mazoezi. Waliofanya ya pumzi pekee walipoteza asilimia 5 ya sehemu ya mwili isiyo mafuta, waliofanya ya nguvu asilimia 2, na waliochanganya asilimia 3, huku hawa wa mwisho wakiwapita wenzao wote katika uwezo wa kutenda shughuli za mwili. Kwa hiyo mzee mnene anaweza kupungua bila kudhoofika, mradi asiache mwili ujichagulie cha kutupa.

Chakula kinahitaji maneno mengi kuliko kinavyopewa kliniki. Ushauri wa “kula nusu” humfaa anayekula nyama na samaki kwa wingi. Kwa mama ambaye asubuhi ni chai ya rangi na maandazi mawili, mchana ugali na mchicha, na maharage usiku yakibahatika, nusu ya hapo ni kumpunguzia protini ambayo tayari haitoshi. Jopo la wataalamu wa lishe ya wazee lilipendekeza mwaka 2013 gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani gramu 70 hadi 84 kwa mtu wa kilo 70. Yai moja lina gramu 6 hivi. Dagaa wakavu, ambao wengi huwadharau wakishapata pensheni, ni zaidi ya nusu protini kwa uzito wao. Kinachofaa kupunguzwa kwanza ni andazi, sukari ya chai na tonge la tatu la ugali, mboga na dagaa vikibaki au vikiongezwa. Mwenye figo zilizoathirika, na kisukari cha muda mrefu huziathiri kimyakimya, hahusiki na hesabu hiyo mpaka apimwe.

Kwa mkulima wa miaka 70 anayeshika jembe kila msimu, mjadala huu karibu wote hauna maana. Shida yake mara nyingi ni uzito mdogo, na kumhubiria kupungua ni kumkosea.

Basi nani apunguze? Kwa maoni yangu, ni mwenye magoti yanayouma, mwenye kisukari au presha isiyoshuka, na mwenye kiuno kilichopita sana sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke. Hata hapo asiahidiwe miujiza: utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Look AHEAD, uliowafuatilia zaidi ya watu 5,000 wenye kisukari kwa takriban miaka 10, haukuonyesha kwamba kupunguza uzito kulipunguza mashambulio ya moyo na kiharusi, ingawa washiriki walipata nafuu katika mwendo, usingizi na mahitaji ya dawa.

Dawa ndizo zinazonifanya nisiwaunge mkono wanaojianzia mfungo na mlo usio na wanga kwa kufuata video za mitandaoni. Mzee anayemeza glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, kisha akaruka kifungua kinywa na kutembea saa nzima anaweza kuanguka kwa sukari kushuka, na aliyepunguza kilo kumi huku akiendelea na dozi ileile ya presha huona kizunguzungu kila anaponyanyuka kitandani. Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa vituoni mara nyingi huwa na sanamaki, ambayo huharisha na kupoteza maji na potasiamu, hatari maradufu kwa anayetumia dawa ya kukojoza. Dozi hizo hupangwa upya na daktari kadiri mwili unavyopungua, na ni yeye anayepaswa kuambiwa kabla sahani haijabadilishwa.