Maradona kwenye pango la Noeli

Kila Desemba lawama ni ileile: San Gregorio Armeno imegeuzwa gulio. Kichochoro hiki cha mji wa kale wa Napoli, Italia, kati ya mitaa ya Spaccanapoli na Via dei Tribunali, ni makao ya mafundi wa presepe, yaani pango la Noeli. Wanaolalamika wanasema vinyago vya Maradona, mwanasoka aliyeichezea timu ya Napoli, na vya wanasiasa na wanamuziki vimemsukuma Mtoto Yesu pembeni.

Hoja wanayo. Pango ni ibada, na aliyekuja kumtafutia Bikira Maria mahali pa heshima nyumbani kwake ana haki ya kukereka akikuta mwanasiasa amepangwa rafu moja naye.

Ila wanatetea zamani ipi? Katika karne ya 18, enzi za mfalme Charles wa Bourbon, pango la Napoli lilisheheni wauza samaki, wauza matikiti, walevi wa kilabuni na wapiga ngoma wa Kituruki. Mabwana walishindana nani analo kubwa zaidi. Giuseppe Sanmartino, yuleyule aliyechonga Kristo aliyefunikwa shela la marumaru mwaka 1753, alifinyanga pia vinyago vya mapango hayo. Soko zima la Napoli lilihamia Bethlehemu, wala imani haikuanguka.

Halafu kuna suala la tumbo, ambalo wakosoaji hulipita haraka mno. Kinyago cha jadi kina kichwa cha udongo uliochomwa, macho ya kioo, mikono na miguu ya mbao. Mwili ni waya uliozungushiwa nyuzi za katani, ili fundi aupinde atakavyo: apige magoti, abebe kikapu, asinzie. Ndipo nguo zishonwe juu yake, na hariri ikikataa kulala vizuri begani, anafumua na kuanza upya. Kazi hiyo haiwezi kuuzwa kwa bei ya kitu cha ukumbusho anachonunua mpita njia. Wanunuzi wake ni wachache, na wengi huja msimu wa Noeli. Maradona mdogo wa udongo, katika mji unaompenda kiasi kile, hununuliwa hata Machi. Ndiye anayelipa kodi ya karakana wakati mchungaji wa hariri akingoja mteja wake. Mtoeni, kisha mniambie fundi atamlipa nini mwenye nyumba.

Ni kweli, si kila Maradona ametoka mkononi mwa fundi. Wengine hutoka kwenye kalibu. Lakini hata wachungaji hutoka humo, wa plastiki na resini, wakiletwa kutoka viwanda vya mbali na kuuzwa kwa bei ambayo hakuna fundi anayeifikia. Na kwa kuwa wameshika fimbo na kubeba kondoo, watetezi wa jadi huwapita bila neno. Mimi ningeanza na hao: ningemgeuza mmoja miguu juu, nitafute mshono wa kalibu, kisha ndiyo tuzungumze juu ya Maradona.