Ndoana, mshipi na chubwi: hadaa ya kisanii inavyofaa kufanywa Nairobi

Kijana anayemrushia mama mboga nyoka wa plastiki huku mwenzake akirekodi kwa simu, kisha akajiita msanii, amechagua mtu asiyeweza kumjibu. Hilo ni kosa la kwanza. La pili ni kwamba hana cha kufichua. Akishaondoka, mama anabaki na nyanya zilizopondeka na hakuna aliyejifunza lolote. Nakerwa na jambo hili kwa sababu hadaa ya hadharani ni sanaa yenye ufundi wake, na jiji lenye viongozi kama wetu linaihitaji.

Joey Skaggs wa New York, aliyeanza kazi hii miaka ya 1960, huigawa mara tatu kwa lugha ya mvuvi: ndoana, mshipi na chubwi. Ndoana ni hadaa yenyewe. Mshipi ni vyombo vya habari vinavyoimeza na kuisambaza. Chubwi, kile kipande cha risasi kinachozamisha, ni siku ya kufichua: msanii anajitokeza na kueleza alivyodanganya, na jinsi ilivyokuwa rahisi kwa sababu hakuna aliyehakikisha. Kwangu mimi kazi nzima iko kwenye chubwi. Ukikiondoa, kilichobaki ni uongo tu.

Tazama alivyofanya mwaka 1981. Alijiita Dakta Josef Gregor, akaita wanahabari, akatangaza vidonge vya homoni ya mende vinavyotibu chunusi na upungufu wa damu. Shirika la habari la UPI likaisambaza. Jina lenyewe lilikuwa fumbo, kwani Gregor ni yule mtu aliyegeuka mdudu katika Metamorphosis, hadithi ya mwandishi Kafka, na Skaggs aliliita kundi lake jina hilo hilo. Mhariri yeyote angetulia dakika tano angeshtuka. Hapo ndipo penye ufundi: ufunguo uliwekwa mlangoni tangu mwanzo, kwa hiyo hadaa ilipofichuliwa aibu iliwarudia wale ambao kazi yao ni kuuliza.

Nairobi ufunguo huo unatakiwa uwe wa kwetu. Ukitangaza ofisi ya kubuni, iweke kwenye makutano ya River Road na Ngong Road. Kila aliyewahi kupanda matatu hapa anajua barabara hizo hazikutani. Uweke ufunguo ndani ya picha yenyewe, usiuache kwenye maelezo ya chini, maana ikishaingia WhatsApp watu hukata na kutuma picha peke yake. Kwa sababu hiyo hiyo andika tarehe kamili kwenye picha. Hadaa isiyo na tarehe hufufuka baada ya miaka miwili ikiwa haina mwenyewe, na ufichuzi wako haujulikani uliko.

Ufichuzi uandikwe kabla ya hadaa. Andika ukurasa mmoja: nani alifanya, kwa nini, hatua zote, ufunguo ulikuwa wapi, na siku utakayoutoa. Utie kwenye bahasha, uifunge, wakili aigonge muhuri wa tarehe na kuihifadhi. Ukikamatwa katikati, karatasi hiyo inaonyesha nia yako. Haikupi kinga, lakini bila hiyo huna hata pa kuanzia kujitetea. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ilipopitishwa mwaka 2018 iliweka adhabu ya hadi miaka 10 gerezani au faini ya shilingi milioni 5 kwa habari za uongo zinazozua taharuki. Basi usiguse nembo ya taifa wala barua ya wizara, kwani huko ni kughushi. Na usiguse kabisa bunduki bandia, mkoba uliotelekezwa wala mlio wa mlipuko. Jiji lililopitia mashambulizi ya kigaidi ya Agosti 7, 1998, Westgate na Dusit likisikia hivyo hukimbia, na watu hukanyagana. Hakuna ufichuzi unaoweza kurudisha hilo.

Kuna kosa jingine ambalo hata mabingwa hulifanya. Desemba 3, 2004, miaka 20 baada ya gesi ya Bhopal kuua maelfu India, mmoja wa Yes Men, kundi la Marekani la wasanii wa hadaa, alihojiwa na BBC akijifanya msemaji wa Dow, kampuni iliyoinunua ile iliyomiliki kiwanda cha Bhopal. BBC ndiyo iliyomtafuta, kupitia tovuti ya kuiga waliyokuwa wameifungua. Akasema Dow imekubali kuwajibika na itatoa dola bilioni 12. Hisa za kampuni zikaporomoka kabla ya ukweli kujulikana. Kama pigo kwa Dow, ilikuwa kazi nzuri mno. Lakini waathiriwa nao waliisikia, wakapewa matumaini ya muda mfupi ambayo hawakuyaomba. Naiheshimu kazi hiyo, ila kabla ya kutupa ndoana ningewatuma watu wakawaulize kwanza waathiriwa wa Bhopal.

Sisi tuna nasaba yetu, ingawa yetu imeegemea uchokozi wa wazi kuliko hadaa. Mwaka 2012 mwanaharakati Boniface Mwangi na wenzake waliandamana na majeneza 49 hadi Bunge, moja kwa kila mwaka wa uhuru. Mei 2013, wabunge walipodai nyongeza ya mshahara, wakapeleka nguruwe na damu kwenye lango lile lile. Picha ile haikuhitaji maelezo, kwa hiyo haikuhitaji chubwi. Polisi walijibu kwa vitoa machozi na maji.

Anayetaka kuiga ajue kazi iliyopo. Damu ya kichinjioni huganda ndani ya dakika chache. Ikoroge papo hapo kwa kijiti chenye mikwaruzo mpaka nyuzi zinate juu yake, uzitoe, ndipo itamiminika. Nguruwe hatoi jasho la kumpoza, kwa hiyo lami ya saa saba mchana inaweza kumuua. Mpeleke asubuhi, na lita kadhaa za maji ya kummwagia na mtu mmoja wa kumwangalia yeye tu. Chukua kibali cha kusafirisha mifugo, na kumbuka kuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, peleka notisi ya maandamano siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, ikiwa na majina, njia na saa, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Nakala ile ndiyo utakayomwonyesha askari asiyekijua.

Kwa hadaa yenyewe, asubuhi ya ufichuzi mpigie simu kila ripota uliyemnasa kabla hujatangaza, hasa yule mdogo anayeweza kufutwa kazi, umwambie ufunguo ulikuwa wapi na umpe nafasi ya kuandika habari hiyo mwenyewe. Kisha rudi ulikobandika. Kama hadaa ilikuwa bango la A1 karibu na Archives katikati ya jiji, ufichuzi uwe bango la A1 pale pale, na ukae siku zile zile.