Mkandarasi wa magogo ni huru hadi wapi?

Karibu kila kijiji kilichopakana na msitu wa kuvunwa kina mtu anayesemwa kuwa hana bosi. Ana trekta lake, winchi, chensoo tatu, vijana wanne au watano, na makubaliano ya kuvuna shamba la miti la mtu mwingine na kupeleka magogo kiwandani. Kiwanda hakijamwajiri, wala mwenye miti hajamwajiri. Wapo wanaomwonea wivu, na wapo wanaosema ni kibarua tu aliyeongezewa madeni. Kila upande una hoja, ingawa uzito wake kwangu haulingani.

Nianze na wanaomwonea wivu, kwa sababu wanachokiona ni cha kweli. Mtazame akiangusha mti. Kabla ya kuwasha chensoo anauzunguka: umeinamia wapi, matawi mazito yako upande gani, juu kuna tawi kavu linalongoja kutikiswa, na yeye mwenyewe atakimbilia wapi. Anakata mdomo, yaani pengo, upande anaotaka mti uangukie, kisha anaingia kwa nyuma. Katikati anabakiza ukanda wa mbao usioguswa, unaofanya kazi kama bawaba ya mlango, ili mti uende chini ukiwa bado umeshikwa na kisiki. Unene wa bawaba hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo: mti wa sentimita 40 hubakiziwa sentimita 4. Msumeno ukila zaidi ya hapo, mti unajiamulia wenyewe. Hakuna meneja aliyeko ofisini anayeweza kumfanyia uamuzi huo, na mtu aliyezoea kuamua hivyo mara nyingi kwa siku haoni raha tena kuomba ruhusa ya mambo madogo.

Sasa tazama mti huohuo ukinasa kwenye mwenzake. Umekatika chini, lakini juu umeegemea matawi ya mti wa jirani, umening'inia. Njia salama inajulikana: watu wakae mbali, ije winchi, mti uvutwe chini. Lakini trekta liko mteremko wa pili linaburuta magogo, na kulisimamisha ni kupoteza karibu saa nzima. Mwajiriwa wa mshahara angekaa akasubiri. Mkandarasi hulipwa kwa tani au kwa mita za ujazo, kwa hiyo saa hiyo inatoka mfukoni mwake, naye anaanza kufikiria kuukata ule mti ulioubeba mwenzake, yaani kusimama chini ya mzigo na kukata nguzo yake. Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za mwaka 2023 zinaonyesha wakata miti 98.9 waliofariki kazini kwa kila wafanyakazi 100,000 wa muda wote, wakati wastani wa kazi zote ulikuwa 3.5. Si vifo vyote hivyo vilitokana na haraka. Ila malipo ya kwa tani ni kishawishi kinachomfuata mtu hadi chini ya mti ulionaswa, na ni yeye peke yake anayebaki kujikataza.

Dawa ipo, nayo ni kumtoa mtu ardhini na kumweka ndani ya kabini ya chuma. Huko Finland na Sweden karibu miti yote inayovunwa kibiashara huangushwa na mashine inayoushika mti, kuukata, kuuondolea matawi na kuugawa magogo kwa vipimo, huku dereva amekaa kwenye kiti. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanywa na wakandarasi wenye mashine zao. Usalama umepatikana, lakini nani ameulipia? Mashine ya namna hiyo hununuliwa kwa mkopo wa miaka. Benki inataka marejesho kila mwezi, ilhali msitu haufuati kalenda ya benki. Ardhi ikilowa, magurudumu yanachimba mitaro, yanakata mizizi ya miti inayobaki na kuchafua vijito, kwa hiyo kazi husimama. Mwenye chensoo akikaa nyumbani wiki tatu za matope anakosa kipato. Mwenye mashine akikaa nyumbani wiki hizohizo anadaiwa. Hapo ndipo baadhi yao huingia msituni wakijua kabisa kwamba ardhi haijawa tayari, na mitaro wanayoiacha inaonekana na kila mtu.

Kuonekana huko, katika jamii ndogo, ni jambo zito kuliko faini. Mkandarasi anayevuna kilomita 300 kutoka kwake akiharibu barabara anaondoka. Huyu wetu atapita kwenye barabara hiyohiyo kesho akienda msibani, na aliyekwama kwenye tope lake atakuwa hapo pia. Vijana wake ni mpwa, shemeji, mtoto wa jirani. Kumfukuza mmoja ni kuanzisha mazungumzo ya familia yatakayodumu mwaka. Kumwacha kazini akiwa mzembe ni kumweka karibu na mnyororo unaozunguka kwa kasi.

Pia kuna suala la bei ya miti yenyewe. Mjane mwenye eka kadhaa za misindano hajui zina mita ngapi za ujazo. Mkandarasi anajua, au anakadiria kwa jicho bila kukosea sana. Anaweza kumpa nusu ya thamani naye akashukuru. Wapo wanaofanya hivyo. Lakini mwaka unaofuata mjane atasikia jirani alilipwa ngapi, na jina la mkandarasi litakuwa limeharibika mahali ambapo hakuna wateja wengine wa kuhamia. Sidai kwamba wanakijiji ni waadilifu kuliko wengine. Ninachosema ni kwamba udogo wa mahali huwalinda wauza miti kwa namna ambayo mkataba mrefu wa kampuni kubwa hauwezi, na kwamba ulinzi huo haufiki getini mwa kiwanda.

Getini kuna mizani. Gogo la msindano lililokatwa leo ni maji kwa karibu nusu ya uzito wake. Kiwanda kikimwambia mkandarasi asubiri wiki tatu kwa kuwa yadi imejaa, magogo yake yanalala pembeni mwa barabara yakikauka, na kama analipwa kwa uzito, malipo yake yanakauka nayo. Akilipwa kwa ujazo anaepuka hilo, ila anaangukia ubishi wa kipimo: gogo limepinda, lina fundo, kuvu wameanza kulitia rangi ya bluu. Anayeshika futi ni mfanyakazi wa kiwanda. Ukiliangalia jambo hili kihasibu, magogo yale ni akiba ya malighafi ya kiwanda, iliyowekwa kwenye ghala la mtu mwingine bila kodi. Mkandarasi amekuwa mkopeshaji wa kiwanda bila kujua, na hatozi riba.

Kiwanda nacho kina la kusema, na si la kupuuzwa. Kinauza mbao au karatasi kwenye soko ambalo hakiliendeshi. Nyumba zikiacha kujengwa, hakiwezi kununua magogo ili kuyatazama yakioza. Na mwenye trekta lake hulitunza na kuvuna kwa gharama ndogo kuliko kikosi cha kiwanda ambacho mitambo si yao, jambo linalosaidia mbao kuuzika. Hoja hii ni sahihi hadi pale tunapouliza hasara ya soko inagawanywaje. Tarehe 15 Aprili 2020, tangi la kupikia vipande vya mbao lililipuka katika kiwanda cha karatasi cha Jay, mji mdogo wa jimbo la Maine, Marekani. Hakuna aliyekufa. Lakini wakandarasi waliokuwa wakipeleka huko miti ya daraja la chini, ile isiyofaa kupasuliwa mbao, walipoteza soko siku hiyo huku mikopo ya mashine ikibaki palepale. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 2023.

Serikali nayo inaweza kufunga geti. Februari 2018 Kenya ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90. Sababu ilikuwa nzito: vyanzo vya maji vilikuwa vikikauka na ukataji holela ulikuwa umezidi. Siku 90 zikarefushwa tena na tena, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa zuio hilo Julai 2023. Naona kusimamisha kulikuwa na haki. Nisichoweza kukitetea ni ile hali ya kuongeza muda kidogo kidogo, kwa sababu mtu aliyeambiwa miaka mitano angeuza trekta na kutafuta kazi nyingine, lakini aliyeambiwa miezi mitatu hulitunza akingoja.

Kwa nini basi wasiungane wakadai bei? Hapa neno "huru" linageuka kamba. Vibarua wakiunda chama na kudai mshahara, sheria za nchi nyingi zinawatambua. Wakandarasi wakikaa pamoja na kukubaliana bei, kwa sheria za ushindani hao ni wafanyabiashara wanaopanga bei kwa njama. Maine ililiona tatizo hilo, ikapitisha sheria mwaka 2004 ya kuwaruhusu wakata na wasafirisha magogo kujadiliana kwa pamoja na wamiliki wakubwa wa misitu, na mwaka 2019 ikawafungulia zaidi mlango wa ushirika. Kwa hiyo suala hilo liko mikononi mwa bunge. Kuwalaumu wakandarasi kwamba hawajui kushikamana hakusaidii kitu.

Mimi naegemea upande wa wanaomhurumia, ila si kwa sababu wanazozitoa. Wao humwambia aache akaajiriwe, na hawaoni kwamba ujuzi wa kuuzunguka mti na jina zuri kwa wauza miti ni mtaji ambao ajira haiulipii. Uhuru wake msituni ni halisi. Unapokatikia ni getini, na palipokatika panarekebishika kwa vifungu vichache vya maandishi: kiasi ambacho kiwanda kitapokea kila mwezi hata yadi ikijaa, malipo yanayopanda na kushuka na bei ya dizeli, na magogo kupimwa pale yanapolala, siku yanapokatwa, mbele ya pande zote mbili. Kiwanda kitasema vifungu hivyo vinakifunga mikono. Ni kweli, na mkandarasi tayari amefungwa na benki kwa ajili ya magogo hayohayo.