Umejinyima miezi, sasa unarudije kula: kidogo kidogo au mara moja?

Hapa Mwanza mtu akitaka kupungua walimu ni wengi, wa jimu yupo, shosti yupo, na yule dada anayepita maofisini Nyakato na majani ya chai ya kukata tumbo yupo. Ila akishapungua, gauni la harusi limemkaa, picha zimepigwa, na miezi minne nyuma alikuwa anakula mayai mawili asubuhi na kipande cha sato na mchicha jioni basi, kesho yake anakulaje? Hapo ndo watu wanabishana, na kila upande una hoja, ila mi nna upande wangu na ntausema.

Wa kidogo kidogo wanakwambia ongeza kalori 50 au 100 kila wiki mpaka ufike kwenye ulaji wa kawaida, sababu mwili umeshazoea kuishi na kidogo, ukiumwagia chakula ghafla unakiweka chote kama mafuta. Na kiukweli mwili unabana matumizi, hilo halina ubishi. Mwaka 1944 chuo kikuu cha Minnesota kule Marekani kulikuwa na mtafiti Ancel Keys, alichukua vijana 36 waliojitolea, akawalisha nusu shibe, kalori kama 1,570 kwa siku kwa wiki 24, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Nguvu ambayo mwili unatumia ukiwa umelala tu ilishuka kwa karibu asilimia 40. Sasa watu wakisikia hiyo 40 wanasema umetaboli, yaani mwili kuchoma chakula kupata nguvu, umekufa, hapana jamani, sehemu kubwa ni kwamba mwili wenyewe ulikuwa umepungua, mtu mdogo anatumia kidogo, ile ya kubana kweli kweli ipo lakini ni sehemu tu ya hiyo namba.

Shida yangu na hii njia inaanzia kwenye sahani. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kalori kama 120, kwa hiyo 50 ni pungufu ya nusu kijiko. Nenda kwa mama ntilie yeyote pale Kirumba uangalie anavyounga sangara, anashika upawa, anamimina mafuta kwa jicho, nyanya zikichuja anaongeza mengine, halafu we umekaa kwenye benchi na simu unaandika leo nimeongeza 50? Unajidanganya. Hata nyumbani, ugali wa udaga upo kwenye sinia moja watu watano wanamega, tonge la nani lilikuwa kubwa hakuna anayejua. Hii hesabu inawezekana kwa mtu anayepima kila kitu kwa mzani wa jikoni na anapika peke yake, na hao hapa mjini ni wachache sana.

Halafu kuna kitu kinasahaulika, ukiongeza 50 kwa wiki na umebakiza 800 kufika unapotakiwa, hiyo ni miezi minne mingine ya njaa, yaani bado uko kwenye dayati ila imebadilishwa jina.

Upande wa pili wanasema rudi kula vya kutosha mara moja, mwili utajipanga. Na hawa nao wanasimamia utafiti ule ule wa Minnesota, maana kipindi cha kuwarudisha wale vijana Keys aliwagawa makundi, kila kundi na nyongeza yake, na wale wa nyongeza ndogo wiki zilipita na nafuu haionekani, ikabidi waongezewe. Baadae walipoachiwa wale watakavyo kuna waliokula mara mbili au tatu ya mtu wa kawaida na bado wanasema tumbo limejaa ila njaa haijaisha. Mafuta yalirudi haraka kuliko misuli na wengi walizidi pale walipoanzia, halafu miezi ilivyoenda wakaanza kushuka wenyewe. Kwa hiyo anayekwambia rudi mara moja na hutaongezeka hata kidogo naye anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Na mzani wiki ya kwanza utakutisha, lazima. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini unakaa na maji, gramu moja ya wanga inashika maji kama gramu tatu, ongeza chumvi ya dagaa na chakula chenyewe kilichopo tumboni, mtu anapanda kilo mbili siku nne anapiga kelele amenenepa wakati mafuta hayajaongezeka hata robo ya hapo. Wengi wanarudi kujinyima kwa sababu ya hiyo wiki moja.

Sasa kuna watu ambao kwao hakuna cha kubishana, ni taratibu na ni hospitali. Mtu ambaye BMI yake (kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu) iko chini ya 16, au kapoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito ndani ya miezi mitatu mpaka sita bila kupanga, au siku zaidi ya 10 hajala kitu cha maana, hapo naweka na wale wa maombi ya kufunga ya wiki na wiki kwa maji tu (Ramadhani siyo humu, usiku watu wanakula). Huyu ukimpa sinia la wali na soda, insulini (homoni ya kuingiza sukari kwenye seli) inapanda, madini ya fosfeti na potasiamu na magnesiamu yanakimbilia ndani ya seli, kwenye damu yanabaki machache, na moyo unaweza kuvurugika siku chache tu baada ya kuanza kula. Kuna utafiti umefanyika hapa hapa Mwanza na Lusaka, unaitwa NUSTART, wagonjwa 1,815 waliodhoofika wanaoanza ARV, walipewa gramu 30 kwa siku za lishe yenye mafuta mpaka wiki mbili baada ya kuanza dawa, ndo wakapandishwa hadi gramu 250. Haukuwa wa kupima kasi ya kula, ulikuwa wa kupima nyongeza kubwa ya vitamini na madini, na vifo havikutofautiana, lakini angalia walivyoanza na kidogo.

Kwa hiyo kwa dada wa harusi ambaye hajakonda kupitiliza, mi nasema arudi kwenye ulaji wa kawaida ndani ya wiki moja au mbili. Milo mitatu, samaki au maharage kila mlo, ugali urudi, ila siku za kwanza asibebe sahani ya kujaza, tumbo lililozoea kidogo linajaa gesi. Nakubali kuna mtu chakula kinamtisha, akiambiwa kula tu anashindwa, huyo ngazi ndogo ndogo zinamsaidia hata kama hesabu yake si ya kweli.

Ila yule ambaye hedhi imekata kwa kujinyima simpi hizo ngazi, kila mwezi anaokaa hivyo mifupa inadhoofika, ale vya kutosha na aonane na daktari. Na kabla hajasema ni dayati akapime mimba kwanza, maana alikuwa anaolewa huyo.